Kengele ya Derk Wolberink

Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, kulikucha na ukungu ulioganda. Nyasi za malishoni zilisimama nyeupe kama zimepakwa chumvi, na nyaya za ua zilinenepa kwa barafu. Kisha jua likautoboa ukungu ghafla, lile jua la chini la majira ya baridi lisilompasha mtu moto bali linalomchoma macho, likaingia moja kwa moja katika chumba cha mbele alimokuwa amelala mzee Derk Wolberink.

Mina, binti yake, alikuwa amesimama kando ya kitanda na bakuli la uji uliokwisha kupoa. Usiku kucha baba yake alikuwa akikohoa. Moyo wake ulikuwa umechoka, na moyo ukichoka maji hupanda mapafuni. Mina alimwinua, akamlaza, akamfuta, akambadilisha nguo, akamwinua tena. Alfajiri ndipo usingizi ulipomhurumia mzee. Na sasa jua hilo lilikuwa linampiga usoni, kope zikaanza kuchezacheza.

"Hata wewe?" Mina aliliambia jua. "Hata wewe hunionei huruma?"

Akavaa viatu vyake vya mbao, akatoka nje, akazifunga mbao za madirisha yote mawili yanayotazama barabara. Hakufikiri. Mtu aliyekesha majira mazima hafikiri tena. Mikono hufanya tu kile inachokiona. Akarudi jikoni, akaketi karibu na jiko ili apumzishe mgongo kidogo, akaanza Salamu Maria. Hakufika kwenye saa ya kufa kwetu. Usingizi ulimkamata katikati ya sala kama mwizi, kichwa kikaanguka juu ya meza.

Katika kijiji cha Hezelo, madirisha ya mbele hufungwa mchana kwa sababu moja tu.

Na mlango wa mbele una sababu zake mbili: bibi harusi anapoingia na maiti anapotoka. Siku nyingine zote watu hupita nyuma, kwa mlango wa jikoni. Kifo kikiingia katika nyumba, wenye nyumba huketi. Jirani wa shida ndiye anayeosha maiti, ndiye anayepeleka habari nyumba kwa nyumba, ndiye anayechemsha kahawa na kubeba jeneza. Jirani wa shida hachaguliwi kwa kupendwa. Ni ile nyumba iliyo karibu na yako, basi. Watu wa Wolberink na watu wa Lansink walikuwa wamezikana hivyo tangu enzi za mababu, hata miaka ile ambayo hawakusalimiana kwa ajili ya ugomvi wa mtaro wa maji.

Lakini desturi hiyo ilikuwa na mpaka, na Mina aliujua mpaka huo kama alivyolijua jina lake la ubatizo. Jirani wa shida haitwi mtu angali anapumua. Kumwita mapema ni kumsukuma mgonjwa kaburini. Kwa hiyo majira yote ya baridi, Jenneken Lansink alipokuja kugonga jikoni, Mina aliufungua mlango kiasi cha uso tu, harufu ya ndani isije ikatoka.

"Mnaendeleaje?"

"Vizuri tu."

"Unalala lakini?"

"Nalala."

"Nikuletee supu ya njegere? Nimepika nyingi."

"Tunayo, Jenneken. Asante."

Hawakuwa nayo. Lakini Wolberink hawaombi. Mama yake alikuwa hivyo, bibi yake alikuwa hivyo, na Mina aliibeba hali hiyo kama mtu abebavyo saa ya ukoo: nzito, haina kazi, lakini haiuzwi.

Na lilikuwapo jambo jingine lililomkaa kooni. Wiki chache nyuma daktari wa kijiji, Ilse, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alimsimamisha uani akamuuliza: "Mina, maji yakipanda tena, tumpeleke hospitali au abaki hapa? Na moyo ukisimama, tuushtue au tuuache? Mzee mwenyewe anasemaje?"

"Hatujaongea."

"Ongeeni. Siku ikifika ghafla, mtaamua kwa hofu. Nitapita Alhamisi ya tarehe sita Februari, mchana, mnipe jibu."

Mina alimpigia simu kaka yake Teunis, anayekaa mjini Zwolle katika nyumba ya vioo vingi. "Hospitali, bila shaka!" Teunis alisema. "Swali gani hilo? Wafanye kila kitu. Au unataka kumuua baba?" Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu mkarimu, kwamba kama kazi imemshinda atatuma pesa, baba atafutiwe makao mazuri ya wazee. Mina aliiweka simu mezani taratibu, maana angeitupa ingevunjika.

Unataka kumuua baba. Neno hilo lilimkwama kama mwiba wa samaki. Hakumuuliza baba yake chochote. Wakati wa vuli mzee alikuwa amelazwa hospitali, wakamfunga mikono kitandani asichomoe mirija, na Mina alimwona akilia, yeye ambaye hakulia hata mazizi yalipoungua. Tangu hapo baba hakuitaja hospitali, na binti hakuitaja. Walinyamaziana kwa upendo, kila mmoja akidhani anamlinda mwenzake.

Na Alhamisi yenyewe ndiyo ilikuwa hii.

*

Mlango ulipogongwa, Mina aliota ni ng'ombe anayepiga kwato zizini, na ng'ombe wenyewe waliuzwa zamani. Akazinduka. Shavu lilikuwa na alama ya ukingo wa meza. Ukagongwa tena, wala si wa jikoni. Ulikuwa mlango wa mbele.

Ufunguo ulishikwa na kutu, akauzungusha kwa mikono miwili. Nje alisimama Jenneken Lansink, mwanamke mfupi, mpana, wa miaka sabini na kitu, amevaa nguo nyeusi tii kuanzia shingoni mpaka miguuni. Mikononi alishika beseni jeupe, na ndani yake mlikuwa na taulo, sabuni mpya na shuka iliyopigwa pasi. Nyuma yake alisimama Graads, mumewe, mrefu kama mlingoti, kofia mkononi.

"Mina, mwanangu," Jenneken alisema, na sauti yake, ambayo siku zote ilikuwa ya kuwafukuzia kuku, ilikuwa laini. "Pole sana. Nilikuja jikoni nikagonga, hukusikia. Nikajua uko naye. Sasa keti. Umekwisha kufanya ya kwako, yaliyobaki ni kazi yetu."

Mina alilitazama beseni, akaelewa. Amekufa. Amekufa, nami nimelala.

Na kabla huzuni haijafika, kilipita kitu kingine. Kilikuwa wepesi, kama mtu aliyetuliwa ndoo ya maji kichwani. Hakikukaa hata pumzi moja. Lakini Mina alikiona, na alijua Mungu naye amekiona, akaona aibu. Akageuka akakimbilia chumbani, akapapasa gizani, akaweka kiganja juu ya blanketi.

Blanketi likapanda. Likashuka. Likapanda.

"Anapumua," alisema.

"Nani?" Graads aliuliza kutoka mlangoni.

"Baba! Baba anapumua!"

Jenneken aliliweka beseni sakafuni. "Sasa madirisha umefungia nini?"

"Jua! Jua lilikuwa linampiga machoni!"

"Jua," Jenneken alisema. "Yesu na Maria. Jua. Graads!"

"Naam."

"Kimbia kanisani, upesi, kabla hawajaanza."

"Ndiko nilikotoka," alisema Graads, na hapohapo kengele kubwa ya Hezelo ikaanza kulia, polepole, pigo kwa pigo, kama inavyolia kwa mwanamume mwenye nyumba yake.

Mzee Derk alifumbua macho. Alisikiliza. Aliwatazama mmoja mmoja katika ule mwanga mwembamba uliopenya kati ya mbao: binti yake nywele timtim, Jenneken na nguo nyeusi, Graads na kofia yake.

"Ni ya nani?"

Jenneken alimtazama mumewe.

"Nauliza, kengele ni ya nani? Nani amekufa?"

Graads aliizungusha kofia. Alikuwa mtu asiyejua kusema uongo, na umri ule haukuwa wa kujifunza. "Derk," alisema, "ni wewe."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, na Mina alidhani ni kifafa, kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, Mina akamwinua, akamshikia kikombe cha makohozi, akamfuta mdomo, yote hayo mbele za watu, huku kwa mguu akisukuma chini ya kiti shuka iliyolowa isionekane. Harufu ilikuwa palepale. Ndoo ilikuwa palepale.

"Msitazame," alisema, uso ukimwaka. "Nyumba sijaifagia."

"Mimi nimekuja kuosha maiti, Mina," Jenneken alijibu. "Ulidhani nilitarajia waridi?"

"Niwaambie waache kupiga?" Graads aliuliza.

"Wamalize," alisema mzee. "Inalia vizuri. Ya marehemu Hannes ililia kama sufuria. Nimelitolea kanisa sadaka maisha yangu yote, sikutegemea kuisikia yangu." Akavuta pumzi, akalitazama beseni. "Hilo la nini?"

"La kukuoshea."

"Basi nioshe."

"Baba!" Mina alisema. "Haiwezekani. Hilo ni la maiti."

"Maiti hasikii maji ya moto. Kwa nini aoshwe vizuri yule asiyesikia?" Aliugeuza uso wake kwa Jenneken. "Huyu binti yangu ana mgongo mbovu. Anadhani sijui. Kila akininyanyua nasikia anavyoomba chini kwa chini, nami najifanya nimelala."

Jenneken alikuwa amekwisha kukunja mikono ya gauni lake la msiba. "Graads, fungua madirisha, halafu ukachemshe maji. Na wewe, Mina, nilikuambia uketi. Keti."

Na Mina wa Wolberink, ambaye hakuwa ameambiwa keti na mtu yeyote tangu mama yake afariki, aliketi.

*

Habari ya msiba ina miguu. Wakati Jenneken anamsugua mzee mgongo, watu walikwisha kuanza kufika langoni na mikate ya zabibu na vyungu vya supu, na Graads alisimama pale kuwarudisha. Sauti yake ilisikika mpaka chumbani.

"Bado."

"Bado nini, Graads? Kengele si imelia?"

"Imelia, lakini yeye bado."

"Basi nirudi na mkate wangu?"

"Mkate acha."

Derk alitabasamu, amefumba macho. Jenneken alimwosha kama alivyowaosha wafu wote wa upande ule wa kijiji, kwanza uso, kisha mikono, kidole kwa kidole, lakini alizungumza naye, jambo ambalo wafu hawapati.

"Umekonda, we mzee. Tumbo lile ulilolilaza mezani ukicheza karata limekwenda wapi?"

"Limetangulia."

"Geuka. Utanisumbua hivi hivi siku yenyewe ikifika?"

"Siku hiyo nitakuwa mtiifu."

Mina alisikiliza, mikono mapajani. Alishangaa kwamba paa halikuanguka. Watu wawili walikuwa wanaongea juu ya siku hiyo kama wanaongea juu ya kuvuna viazi, na mgonjwa hakufa kwa kuisikia. Tena mashavu yalikuwa yameanza kupata rangi.

"Jenneken," alisema mzee, "hospitali sirudi tena."

"Unamwambia nani? Mimi si daktari."

"Nakuambia wewe ili yeye asikie." Hakufumbua macho. "Walinifunga mikono kama nguruwe wa kuchinjwa. Sikuwa nikiiona barabara. Sikuwa nikiona hata mti. Nikizama, nizame hapa. Nisikie mlango wa jikoni ukifunguliwa na kufungwa, nijue nyumba inaishi."

Mina alisimama, akaketi tena. "Baba, mbona hukuniambia?"

"Ungelia."

"Mimi nami sikukuuliza kwa sababu niliogopa wewe utalia."

"Wolberink hawalii."

"Ulilia kule."

Maji yalidondoka kutoka kwenye kitambaa, tone, tone, beseni likaitika.

"Nililia," alisema. "Ndiyo maana."

Mina alikwenda akaushika mkono wa baba yake uliokuwa bado na povu la sabuni, akasali kimoyomoyo, sala isiyo na maneno, ya mtu aliyebeba mzigo mlima mzima kisha akagundua mwenye mzigo hakuutaka ubebwe upande ule.

Walipomaliza, Jenneken alimvalisha Derk shati jeupe lililopigwa pasi, akamchana nywele zilizolowa, akamlaza chali juu ya mto. "Tulia hivyo," alisema. "Upumzike." Mzee alifumba macho, mikono juu ya kifua.

Graads aliingia, akakohoa. "Kuna jambo sikuwaambia. Nilipotoka kanisani, nilimpigia simu Teunis pia."

Hata kabla Mina hajasema neno, gari lilisimama barabarani kwa kishindo.

*

Teunis aliingia kwa mlango wa mbele, kama desturi inavyotaka. Alivaa koti jeusi la kazini, macho mekundu, pua imevimba. Aliwapita wote. Alimwona baba yake mweupe juu ya shuka nyeupe, nywele zimechanwa, mikono imekunjwa, akaanguka magotini kama gunia.

"Baba!" alilia. "Baba, nisamehe! Nisamehe, Baba!"

"Nikusamehe lipi?" alisema mzee bila kufumbua macho. "Yapo mengi."

Teunis alipiga ukelele uliosikika mpaka langoni. Jenneken alijishika kiunoni na kugeukia ukutani. Graads alitoka nje kabisa. Mina naye, ambaye hakuwa amecheka tangu vuli, alijiziba mdomo kwa aproni, na hakujua kama kinachomtoka ni kicheko au kilio.

Lakini hofu ya mtu mzima ikipita huacha hasira. Alipokwisha kuelezwa, na kupewa kahawa, Teunis aligeuka mwekundu.

"Mmenifanya mjinga. Nimeendesha gari toka Zwolle nalia njia nzima kama mtoto! Na wewe, Mina, umelala mchana huku baba anakaribia kufa? Si nilikuambia? Kazi hii imekushinda. Leo hii anakwenda hospitali."

"Haendi," alisema Mina.

"Nani kasema?"

"Mwenyewe kasema."

"Wewe ndiye uliyemtia maneno hayo!"

Mina alisimama. Alikuwa bado na alama ya meza shavuni, na aproni yake ilikuwa na uji. "Mimi sijamtia kitu, Teunis, ila kijiko kinywani. Asubuhi, mchana, jioni. Nimemtia soksi. Nimemtia dawa. Maneno ni yake. Muulize, maana hata siku moja hujamuuliza, na mimi vilevile sikumuuliza, na hiyo ndiyo aibu yetu sisi wawili. Lakini usiniambie imenishinda. Ngozi yake haina kidonda hata kimoja. Muulize Jenneken, amemgeuza sasa hivi."

"Hata kimoja," alisema Jenneken. "Nimeosha watu waliotoka katika makao ya kulipia, Teunis. Najua ninachokisema."

Teunis aliketi ukingoni mwa kitanda. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Baba, wanaweza kukuongezea miezi."

"Miezi ya nani?"

"Yako."

"Ile ya vuli haikuwa yangu. Ilikuwa ya wale wenye mashine." Mzee alipumzika kidogo kati ya sentensi, na wote walimngojea. "Njia nzima ulikuwa unalilia nini?"

Teunis aliitazama mikono yake. "Kwamba sikuwapo."

"Basi uwepo. Humu kitini, na kahawa yako. Kule wangekupa dakika za kunitazama kupitia kioo." Akanyoosha mkono. "Ninyanyue, nimeteleza chini ya mto."

Teunis aliingiza mikono yake chini ya kwapa za baba yake, akajikaza kama mtu anayeinua gunia la ngano, na mzee akapanda mara moja, mwepesi kama koti tupu. Teunis hakutegemea wepesi ule. Alibaki amemshika, kidevu juu ya zile nywele zilizochanwa, na hakusema tena juu ya hospitali. Mina ndiye aliyemwambia, baadaye kidogo, "Mlaze sasa, anachoka," na alimwambia kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia kwake tangu walipokuwa watoto.

*

Daktari Ilse alifika mapema, akihema, skafu imening'inia upande mmoja. Alikuwa amesikia kengele akiwa kwa mgonjwa mwingine. "Nilidhani nimechelewa," alisema. Alipomwona Derk anakula mkate wa zabibu uliochovywa kwenye kahawa, alilazimika kuketi.

"Keti, keti," mzee alimwambia. "Leo kila mtu anaketi. Uliza lile swali lako, mimi siku hizi nachoka upesi."

Daktari aliuliza, kwa upole, neno kwa neno, na hakuwauliza watoto. Alimuuliza mwenyewe. Maji yakipanda? Abaki hapa, na apewe dawa ya kutuliza pumzi, asihangaike. Moyo ukisimama? "Umefanya kazi ya kutosha. Muuache ulale." Padre aitwe? Aitwe mapema, mafuta matakatifu ayapokee akiwa na akili zake, si wakati anakoroma.

"Teunis?" daktari aliuliza.

Teunis alifuta pua. "Ni kama alivyosema." Kisha, kwa shida, akiwa amemtazama dada yake: "Ijumaa hadi Jumapili nitakuwa hapa. Kila wiki. Mnifundishe tu."

"Na wewe, Mina?" Daktari alimgeukia. "Mtu anayekufa nyumbani anahitaji zaidi ya binti mmoja. Siku ile maji yakipanda utaona mambo magumu. Nani atakuwa nawe?"

Jenneken alianza kuitazama dari kama mtu anayehesabu boriti. Hangejitolea, na Mina alijua sababu. Jirani wa shida hajitwishi kwa walio hai. Kwa maiti huja mwenyewe, lakini kwa aliye hai hana budi kuitwa, jambo ambalo kijiji kiliogopa kulifanya. Na anayeita ni mwenye nyumba, kwa kinywa chake, amesimama, na watu wakisikia. Ndivyo ilivyokuwa Hezelo tangu zamani.

Nitaweza mwenyewe. Maneno hayo yalikuwa ulimini, matamu na ya kale. Alimtazama baba yake aliyesafishwa vizuri kuliko alivyoweza yeye kwa mgongo wake ule. Aliukumbuka wepesi uliompitia mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakuuonea aibu. Alimshukuru Mungu kwa kumwonyesha uzito wa ndoo. Hata Salamu Maria, aliwaza, hatusali niombee mimi. Twasali utuombee sisi, sasa na saa ya kufa kwetu.

Alivua aproni yenye uji, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Alisimama wima pale katikati ya chumba cha mbele, mwanamke wa miaka hamsini na sita, mrefu kama ukoo wote wa Wolberink, jua la mchana likimwangaza kutoka madirisha yaliyo wazi. Akanyoosha mkono wake wa kulia. Jenneken aliacha kutazama dari, akaupokea.

"Jenneken Lansink," Mina alisema, kwa sauti iliyomfikia hata Graads langoni, "mbele ya baba yangu, mbele ya kaka yangu, mbele ya daktari na mbele ya Mungu, ninaahidi. Maji yakipanda, sitaliita gari la wagonjwa. Nitapita uani nije kukuita wewe, tena nitakuita angali anapumua. Kuanzia leo mlango wa jikoni hautafungwa kwa ufunguo. Na baba hatatoka katika nyumba hii ila kwa mlango wa mbele, mchana, juu ya mabega yenu."